Kiti cha Abiria

Saa sita mchana duka la vipuri lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na hiyo ilikuwa foleni ya tatu ya mwanamke mmoja tangu asubuhi. Alivaa jinzi iliyopauka magotini, shati la mikono mirefu lenye vumbi jeupe la vioo, na kilemba cha kijani alichokifunga alfajiri akiwa bado na matumaini na siku hiyo. Zamu yake ilipofika, aliomba springi mbili za mbele za pikapu yake, ile iliyoegeshwa pale nje. Muuzaji, mtu asiyependa kumkatisha mteja tamaa, akageuka kuzitafuta.

"Gari hiyo haina springi mbele," mtu akasema nyuma yake.

Hakugeuka. Wanaume wanaojua magari kuliko wenye magari walikuwa wamemchosha. "Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Ila huyu atakuuzia."

Muuzaji akakohoa, akakumbuka simu aliyotakiwa kuipokea chumba cha ndani. Hapo ndipo mwanamke alipogeuka. Aliona ovaroli la buluu lililochanika mfukoni, mfuko wa bushi za gari mkononi, na macho ya mtu ambaye hajapumzika sawasawa kwa miaka. Alimfuata nje shingo upande. Fundi akachuchumaa, akamwonyesha vyuma viwili virefu kama mpini wa jembe, kila kimoja kikitokea kwenye gurudumu lake la mbele na kurudi chini ya kiti.

"Hizi ndizo tosheni baa. Gurudumu likiingia shimoni, chuma kinajisokota, kisha kinarudi. Ndiyo springi yako hiyo. Na vyako vimechoka."

"Tuko wengi," mwanamke akasema.

Fundi alicheka kwa pua, akampa namba yake ya simu.

Pikapu ilikuwa ya marehemu baba yake. Mwanamke aliibebea vioo vya madirisha, akivitoa karakana na kuvipeleka kwenye majengo mapya, vikiwa vimeegemezwa na kufungwa kamba pande zote mbili za kichanja cha mbao. Vitatu vilikuwa vimevunjika ndani ya miezi miwili. Kaka yake, ambaye baada ya msiba ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba, alishatoa kauli: kioo kimoja tena, pikapu inauzwa. Ikiuzwa, na kazi imekwenda. Ana miaka arobaini na mmoja, hana mume, hana mtoto, na hana nguvu za kuanza upya na chochote.

Kesho yake alikwenda gereji. Huko alikuta fundi anaitwa Nusu, kwa sababu hakuna bolti aliyowahi kuikaza zaidi ya nusu mzunguko bila kusimama kupima. Majirani walimcheka kwamba hata chai huikoroga nusu. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, akaandika kwa chaki ukutani, akapandisha gari kwa jeki, akakaza bolti ya chuma nusu, akashusha, akalisukuma mbele na nyuma ili likae, akapima tena. Mwanamke alimuuliza kwa nini asikaze tu mpaka mwisho wayamalize.

"Kukaza kunainyanyua tu. Hakuvipi vyuma nguvu visivyokuwa nayo. Ukizidisha, gari inakuwa ngumu kama ubao na vioo vyako vinalia." Akamshauri wabadilishe vyuma vyote viwili, wanunue vinene kidogo, saizi moja tu juu, na shokapu mpya. Kisha akamwomba apande akae.

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu. Uzito wako nao unahesabika."

"Fundi, unataka kujua uzito wangu?"

"Sitauandika ukutani," Nusu akasema, na uso wake ukawaka.

Vyuma vipya vilifungwa baada ya siku mbili, kila kimoja upande wake. Nusu alimweleza kwamba chuma kipya hushuka kidogo kikianza kazi, hivyo arudi na gari baada ya siku tatu lipimwe upya. Siku hizo tatu fundi alipiga simu kila jioni. Aliuliza gari inakwendaje, kama inavuta upande, kama kuna mlio. Jioni ya pili maswali ya gari yalimwishia, akauliza amekula nini. Mwanamke alikuwa amejilaza kitandani, viatu bado miguuni.

"Sijala. Nimechoka hata kutafuna."

"Kula, mama. Mimi hapa nilikula nimesimama, sufuria mkononi."

"Kwani huna sahani?"

"Ninayo. Sina wa kukaa naye."

Hakuna aliyekata simu. Mke wa Nusu aliondoka miaka sita nyuma, bila hata kugombana, akisema tu amechoka kungoja. Tangu hapo Nusu alipima kila kitu mara mbili isipokuwa moyo wake, ambao aliona hauna haja ya kupimwa tena. Sasa alijikuta saa kumi na mbili jioni anatazama simu kama mtoto.

Siku ya kurudi, mwanamke alivaa gauni la maua chini ya koti la kazi. Aliketi kwenye usukani kama alivyoagizwa. Nusu akamaliza upande wa dereva, akahamia ule mwingine, na mwanamke, ambaye alikuwa katikati ya kisa cha baba yake na pikapu hii, hakutaka kupaaza sauti. Akahamia kiti cha abiria, akafungua mlango, akaendelea kusimulia huku miguu yake ikining'inia karibu na kichwa cha fundi. Nusu alikaza nusu, akapima, akakaza nusu nyingine. Siku nyingi hakuwa amesikia mtu akizungumza naye yeye tu. Alipomaliza, gari lilikuwa sawa pande zote.

Wakati mwanamke anaondoka, fundi matairi wa jirani aliwatania wenzake kwa sauti kwamba gari la dada huyu halitapona kamwe, maana Nusu akiliponya atampata wapi tena? Wote walicheka, na mwanamke pia alicheka.

Kicheko hicho kilimuuma siku tatu baadaye. Alikuwa peke yake, barabara ya mashimo, na gari lilikuwa limelalia upande wake kidogo, kama mtu mwenye goti bovu. Vioo vya upande huo viliacha kuegemea kichanja, vikabaki vinaning'inia kwenye kamba. Shimo moja likatosha. Alishuka, akaviona vipande, akaketi ukingoni mwa barabara akalia bila kujificha. Halafu akapiga simu.

"Uliniachia gari bovu ili nirudi?"

Nusu hakujibu.

"Wenzako walisema, nikacheka. Mimi ndiye mjinga. Nijibu basi."

Angeweza kusema hapana. Lakini ni kweli alitaka arudi, alilitaka hilo kuliko kitu kingine chochote, na mtu mkweli akiulizwa swali ambalo nusu yake ni kweli hupotewa na maneno. Ukimya wake ukasikika kama kukiri. Simu ikakatwa, na kuanzia hapo haikupokewa tena.

Kaka mtu hakupandisha sauti. Yeye pia alikuwa amechoka, na gari lile lilimkumbusha mengi. Alisema tu kwamba mnunuzi atakuja Jumamosi saa nne.

Ijumaa, Nusu alikuwa akipima gari la mzee mmoja. Mzee akachoka kukaa, akauliza kama anaweza kuhamia kiti kingine anyooshe mguu. Nusu akamkatalia: akihamia, kipimo kitadanganya. Maneno yalipomtoka, mkono wenye spana ukasimama hewani. Akageuka kuangalia namba za chaki ukutani, ambazo hakuwa na moyo wa kuzifuta.

Jumamosi saa tatu, baada ya kuelekezwa na watu wa karakana ya vioo, alikuwa uani kwa kaka mtu, na jeki yake na futi yake. Mwanamke alisimama mlangoni, khanga begani, macho yamevimba. Nusu angeweza kulaumu vyuma, au barabara, lakini mficha uchi hazai.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilipima umekaa kiti cha abiria. Ukiendesha peke yako, gari inakulalia wewe. Nilikuona ukihama, dada. Kazi yangu ilikuwa kukwambia urudi kwenye usukani. Sikukwambia, kwa sababu nilipenda ulipokaa."

Kaka mtu alitazama juu, akatazama chini, akaamua kumwagilia maua ambayo yalikuwa yameshamwagiliwa. Kutoka huko, mgongo ukiwa umewageukia, alisema mnunuzi anaweza kungoja wiki moja.

Mwanamke alishuka ngazi polepole, akapita mbele ya fundi, akasimama mbele ya pikapu yake, kama anayechagua kati ya milango miwili. Alikuwa amechoka kukasirika. Zaidi ya hapo, siku sita alikuwa amekula amesimama.

Nusu akalala chini ya gari, akashika bolti, kisha akaiachia.

"Niambie kabla sijakaza," sauti yake ikatoka chini. "Nipime ya mtu mmoja au ya watu wawili?"

Mwanamke alipanda kwenye usukani, akajinyoosha, akausukuma mlango wa abiria ukafunguka.

"Ya wawili," akasema. "Ila huwezi kupima kiti kikiwa kitupu. Toka huko chini, njoo ukae."