Ukoga wa Darasa la Nne

Kila asubuhi, kabla wachukuzi wa Kariakoo hawajaanza kupiga kelele za kuomba njia, Maimuna hupiga mswaki kwenye bomba la uani. Hutumia dakika mbili kamili akihesabu moyoni, na wapangaji wanaosubiri na ndoo zao humnunia. Tangu achaguliwe kuwa katibu wa klabu ya afya shuleni, msichana huyu wa darasa la sita amejifanya hakimu wa meno ya mtaa mzima. Ukicheka mbele yake, hukutazama kinywani kwanza.

Muhula ule klabu ilipata kazi ya kweli. Daktari Sudha, mwenye kliniki ya meno kule Upanga, aliahidi kutibu bure wanafunzi wa darasa moja tu, la nne au la tano. Alitaka wanaklabu wenyewe wafanye utafiti na kuonyesha ni darasa lipi lina hali mbaya zaidi. Aliwaletea vidonge vya rangi. Mtoto hutafuna kidonge, husukutua, na jino lenye ukoga hubaki jekundu. Mtafiti huhesabu meno mekundu na kuandika idadi kwenye jedwali. Kila darasa lingepimwa wanafunzi ishirini.

Khushi, rafiki yake Maimuna, alichukua darasa la tano na kulimaliza kwa siku mbili. Maimuna alichukua la nne, lakini kwanza alitumia siku tatu nzima kupamba jalada la ripoti kwa maua na miswaki ya kila rangi. Alipomaliza maua yake, mwezi ukaandama na Ramadhani ikaingia.

Kesho yake alipita darasa la nne na vidonge vyake. Wanafunzi wanane walitafuna bila shida. Kumi na wawili walifumba midomo.

"Dada, sisi tumefunga," alisema Safari, mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwao. "Na wewe umefunga, halafu unatuletea vidonge?"

Darasa zima lilicheka. Maimuna alitamani ardhi ipasuke, maana yeye ndiye angepaswa kukumbuka wa kwanza.

Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Alhamisi alasiri, Maimuna alikaa barazani na jedwali mapajani, akiziangalia nafasi kumi na mbili zilizo tupu. Aliona kwamba ripoti ya namna ile ingemwonyesha kuwa mvivu. Basi akaanza kukisia. Safari alimwandikia meno mawili, kwa kuwa ni mtoto wa jirani na hakutaka kumwaibisha. Wengine akawapa matatu, manne, na mmoja akampa matano ili mambo yaonekane ya kweli. Alimaliza kabla hata adhana ya magharibi haijasikika.

Jumatatu, Mwalimu Elieshi, mlezi wa klabu, alisoma matokeo mbele ya shule. Darasa la tano lilikuwa na wastani wa meno saba mekundu kwa kila mwanafunzi, la nne matano tu. Kwa hiyo darasa la tano ndilo lingekwenda Upanga siku ya Ijumaa. Darasa la tano walishangilia, na mwalimu akalisifu jedwali la Maimuna kwa unadhifu wake. Sifa hizo hazikumkaa vizuri, lakini alitabasamu hivyo hivyo.

Jioni hiyo Maimuna na mama yake walifuturu kwa Bi Kuruthumu, bibi yake Safari. Kulikuwa na uji, tambi na mihogo ya nazi. Safari, ambaye kwa kawaida huwa wa mwisho kuondoka mkekani, alikunywa uji kwa upande mmoja wa kinywa na hakugusa muhogo hata kipande. Bibi yake alipouliza, alisema ameshiba. Maimuna hakuamini. Alimfuata hadi kwenye bomba, akamwomba afungue mdomo, akammulika kwa tochi ya simu ya mama yake. Gego la chini lilikuwa na tundu jeusi, na fizi ilikuwa imevimba.

"Linauma tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla hatujaanza kufunga. Usimwambie bibi." Safari alifunga mdomo, akalishika shavu. "Kwani hukusikia leo? Mwalimu amesema darasa letu tuna meno mazuri. Labda litapona lenyewe."

Maimuna alizima tochi. Mtoto yule alikuwa anavumilia maumivu kwa kuamini namba aliyoitunga yeye. Usiku mzima aliwaza. Akisema ukweli, angevuliwa ukatibu, Khushi angemdharau, na darasa la tano wangemchukia kwa kuwanyang'anya nafasi yao. Akinyamaza, Ijumaa ingepita na gego la Safari lingeendelea kuoza. Kulikuwa na wengine kumi na mmoja pia ambao hakujua wana nini vinywani.

Asubuhi alimsubiri Mwalimu Elieshi mlangoni pa ofisi. Alimwamkia, akaitikiwa, kisha maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea.

"Mwalimu, wale kumi na wawili wa darasa la nne sikuwapima," alisema hatimaye. "Walikuwa wamefunga. Namba zao nimezitunga."

Mwalimu aliweka chini daftari alilokuwa amelishika. Alimwacha aeleze yote, mpaka habari za gego la Safari. Maimuna alikuwa akisubiri kufokewa, na pengine angeona nafuu kufokewa kuliko kilichofuata. Mwalimu alipiga simu kwa Daktari Sudha, akamkabidhi. "Mwambie mwenyewe," alisema.

Maimuna aliyasema tena yale yale. Daktari aliagiza kwamba Safari asisubiri matokeo ya utafiti wowote, aletwe kliniki siku hiyo hiyo. Akauliza watoto wanafuturu saa ngapi. Alisema wale kumi na wawili, wazazi wao wakiridhia, wafungue kwa maji matupu, wapimwe, ndipo wale futari. Wakila kwanza, chakula kingeharibu hesabu.

Machozi yalimtoka Maimuna pale pale, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumatano magharibi watoto kumi na wawili walijipanga uani kwa Bi Kuruthumu. Khushi alikuja na mama yake kutoka Upanga. Alikuwa bado amekasirika kidogo. "Ungeniambia umekwama, ningekuja," alimwambia Maimuna, kisha akashika kalamu na kuanza kuandika. Watoto walikunywa maji, wakatafuna vidonge huku sinia la kaimati likiwa mbele yao, na Bi Kuruthumu akililinda kwa mwiko. Walipofungua vinywa na kuonana wekundu wote, walicheka mpaka wapita njia wakachungulia.

Hakuna aliyekuwa na meno mekundu chini ya manane. Safari, ambaye gego lake lilikuwa limeshasafishwa na kuzibwa, alikuwa na kumi na manne. Wastani wa darasa la nne ulipanda hadi tisa, na Ijumaa likaenda kliniki. Darasa la tano walinung'unika, lakini Mwalimu Elieshi aliwapangia mafunzo ya kupiga mswaki kila Jumanne, na Khushi akakubali kuyasimamia.

Maimuna aliandika ripoti upya, bila maua. Aliongeza aya moja ya kueleza kosa lake. Mwalimu Elieshi aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akamwambia kwamba ukatibu utakuwa wa Khushi mpaka muhula uishe. Maimuna alisema ni haki.

"Ungeziacha zile nafasi tupu na kuandika kwamba wamefunga, ningekupa alama zako zote," mwalimu alisema. "Asiyepimwa tunamwandika hivyo hivyo, kwamba hajapimwa, na kesho tunamrudia. Ukimwandikia namba ya kubuni hakuna atakayemrudia tena, hata kama anaumwa. Safari alibahatika kwa sababu wewe ulirudi."

Maimuna alitoka ofisini. Uwanjani Safari alikuwa anatafuta mtu wa kumwonyesha gego lake jipya, na alipomwona Maimuna akakimbia kumfuata, mdomo wazi.