Matabishi ya Sakoshi

Sakoshi ilikuwa tupu, na bado ilikuwa nzito. Arlette aligundua hilo aliposhuka garini Baraka. Akaifungua palepale kando ya barabara, akapapasa kila mfuko wa mkoba ule mpaka kwenye mshono. Hamna kitu. Akaitundika begani, bega likainama, naye akatabasamu. Alikwisha kujipa jibu: kitu cha bei lazima kiwe kizito.

Tusimcheke haraka. Arlette anauza ndagala sokoni, na mikono yake inanuka samaki hata Jumapili. Wifi yake Clarisse alikuwa karibu kutolewa mahari, na kwenye sherehe za namna hiyo bamama wa Baraka hawatazamani usoni. Wanatazamana kwapani, waone nani amebana sakoshi gani. Likelemba, ule mchango wa bamama wa sokoni, ilipofika zamu yake, mumewe alimtuma Uvira akanunue moteri ya mtumbwi. Hakufika. Gari lilisimama Mboko, wauzaji wakajaa madirishani na samaki na chikwangi za muhogo, na katikati yao akasimama mwanamke mwenye kitu kimoja tu: sakoshi ya kahawia yenye herufi mbili za dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha. Miguu ya wote ilijaa tope, ya yule mwanamke ilikuwa mikavu.

Alitaja bei, na bei ile ililingana na fedha yote iliyofungwa kiunoni mwa Arlette. Arlette hakuipunguza. Aliona kitu cha kweli hakipatanwi kama vitunguu. Ila kuondoka bila matabishi, hapana! Huko kwetu hata ukinunua ndimu, muuzaji anakuongezea moja juu, na usipoidai wanakuona mgeni.

"Na matabishi, mama?"

Mwanamke akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Unaomba we mwenyewe?"

"Njo mi naomba."

"Basi. Iko ndani."

Nyumbani, mumewe Wilfried alipoiona ile sakoshi mezani, alichungulia kwanza mlangoni.

"Moteri iko wapi, Mama Aline?"

"Papa Aline, tazama kwanza. Hii ni ya kweli, ya Ulaya. Rahisi inakuaka ghali, lakini hii, Aline atairisi."

"Sakoshi itasukuma mutumbwi?"

"Inua, utasikia."

Akainua, mkono ukashuka. "Kuko nini ndani?"

"Hamuna kitu. Njo bei unasikia hivyo."

Wilfried akaibwaga sakoshi chini, kando ya kitanda. Yeye ndiye atakayepiga kasia usiku kucha kwa mgongo ule ule mbovu. Kisha akamwita binti yao, kama alivyofanya kila alfajiri akitoka ziwani: akampitishia Aline mkono mmoja, akamtupia begani. Mtoto alikuwa mwembamba, mwepesi, na kicheko chake kilitosha kumsahaulisha moteri kwa muda.

Nyumba ya mvuvi ina usiku wake mchana. Arlette akienda sokoni, Wilfried alitundika kitenge dirishani akalala, Aline akacheza chini kimyakimya. Ndipo ilipoanza harufu. Ilikuwa harufu ya tope la chini ya ziwa, saa ya jua kali, vumbi likiwa mlangoni. Kisha kikaanza kifungo cha sakoshi. Ka, kikafunguka. Ka, kikafungwa. Wilfried akasema ni panya, akajigeuza.

Mchana mmoja alisikia sauti ya mkewe ikimwita mtoto polepole, "Aline, kuya huku, mutoto yangu, kuya," akashukuru usingizini kwamba Arlette amerudi mapema, halafu akakumbuka kwamba hakusikia mlango, wala viatu, wala beseni la samaki likiwekwa chini, na kwamba sauti ile haikutoka mlangoni bali chini, karibu na kitanda, na alipofungua macho alimwona binti yake amepiga magoti, kichwa chake na mabega yake yote vikiwa ndani ya sakoshi ambayo Biblia moja tu ingeijaza, huku sauti yake ikijibu kutoka mbali sana, "Niko nakuya, mama, niko nakuya." Akamvuta. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa.

Jioni mume na mke walinong'ona nyuma ya jiko.

"Ilikuwa sauti yako."

"Mi nilikuwa ku soko!"

"Najua. Njo maana niko natetemeka. Tutupe ile kitu leo."

Arlette akainama. "Tungoje mahari ya Clarisse ipite..."

Mumewe akamwonyesha kitambaa alichomfutia Aline nywele, bado kimelowa. Arlette akasikia alichosema mwenyewe, akaona haya, akalia.

Walimleta Mama Godelieve, mwombezi wa kijiji cha Swima, aliyejulikana kwa kufukuza mashetani. Aliweka sakoshi katikati ya chumba, akaizunguka.

"Yule mwanamuke alikuuzisha nini?"

"Sakoshi."

"Na nini ingine?"

"Hapana, mama. Sakoshi tu."

Hakudanganya. Nani anahesabu matabishi kuwa kitu alichouziwa? Wakaimba, wakaomba mpaka sauti zikakauka, na sakoshi ikaanza kutetemeka, kifungo kikigonga ka, ka, ka, harufu ya tope ikajaa hata wakaziba pua, mpaka ndani yake kikatoka kitu kama pumzi ndefu ya mtu aliyelala sana. Aline, aliyeegemea paja la mama yake, akakohoa mara moja. Godelieve akainua sakoshi kwa kidole. Ilikuwa nyepesi kama jani la muhogo.

"Imetoka!"

Vigelegele vikapigwa. Wakaipeleka ufukweni wakaichoma, nayo ikajikunja, ikadondoka matone meusi yenye harufu ya ndoo iliyoungua.

"Plastiki!" Wilfried akapaza sauti. "Moteri yangu yote, Mama Aline! Plastiki!" Akacheka huku machozi yakimtoka, na Arlette akacheka naye kwa aibu, wakashikana mikono. Wilfried akaenda kumchukua mtoto, waliyemwacha kando ya mtumbwi.

Kicheko cha Arlette kikakatika. "Sasa ile bei yote, nililipia nini?" Akamgeukia mwombezi. "Mama Godelieve... mi niliombaka matabishi."

Godelieve, aliyekuwa anafunga kitenge chake, akasimama. "Yeye akasema nini?"

"Akasema iko ndani."

"Weee!" Mwombezi akashika kichwa. "Tumeunguza sakoshi tu. Matabishi hairudi kwa mwenye kuuzisha. Iko ya nyumba yenye iliiomba."

Wilfried hakusikia hayo. Aline alikuwa amekaa mchangani, mgongo kwa ziwa, ametulia.

"Twende nyumbani, mama yangu," akamwambia. Akainama, akampitishia mkono mmoja kama kila alfajiri, akainua. Mtoto hakunyanyuka. Akatia mikono miwili, akakaza mgongo, na visigino vya Aline vikazidi kuzama mchangani.

Binti akaleta mdomo sikioni mwa baba yake, kwa upole, kama anayemhurumia. Pumzi yake ilinuka tope.

"Polepole, Papa," akanong'ona. "Tuko babili."