Ndoo Nane Kwenye Pipa Langu

Nyuzi ishirini na sita!

Nilichomoa kipimajoto, nikakifuta, nikakichomeka tena. Ishirini na sita. Jana yake pipa hilohilo lilisoma sitini...

Jamani, kwa msiojua, mimi naozesha mabaki ya mboga na matunda ya soko. Nayajaza kwenye mapipa makubwa ya kuzungusha nyuma ya nyumba, yanapata joto yenyewe, mwisho yanakuwa mbolea. Joto likifa, kazi imekufa.

Na mkaguzi wa soko alikuwa anakuja kulikagua pipa hilo saa nne. Asiporidhika, kibali cha kuchukua taka kinakwenda.

Nikafungua mfuniko. Maganda yanaelea kwenye maji!

Akili ikaruka moja kwa moja kwa fundi aliyeniundia mapipa. Juzi nilimwona akipiga stori na mshindani wangu. Asubuhi hiyo alikuwa uani kwangu akikaza boliti, nikamfuata.

"Amekupa nini uniue?"

"Shemeji, unasemaje?"

"Umemwaga maji. Ondoka kwangu."

"Haya mapipa ni jasho langu pia..."

"Nimesema ondoka."

Akakusanya spana zake, akaenda. Majirani wote wanatazama.

Mkaguzi akafika, akaziba pua.

"Dada, hii ni taka tu."

"Nipe wiki tatu, mkuu. Litapata moto."

"Mimi naandika nilichokiona leo."

Ningefanya nini? Joto la pipa huwezi kulichochea kwa kuni. Nikabaki mikono kichwani.

Nikaingia jikoni kulia. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki hiyo, akanikuta.

"Unalia nini, mwanangu? Moto si nimeuzima?"

"Moto gani, mama?"

"Lile pipa. Alfajiri lilikuwa linafuka moshi, nikaligusa, linaunguza! Nikamwaga ndoo nane. Ningeacha mjukuu wangu aungue ndani?"

Moshi... Ulikuwa mvuke, jamani. Pipa lilikuwa linafanya kazi vizuri kuliko siku zote.

Nikamwambia, "Asante, mama."

Nikampigia fundi. Simu inaita, hapokei. Wiki iliyofuata nikasikia anamuundia mapipa mshindani wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka huko.

Ndugu zangu, kabla hujamnyooshea mtu wa nje kidole, uliza kwanza nyumbani. Kila mteja nilimweleza kazi yangu, ninayekula naye meza moja sikumweleza.

Ndoo zile zilimuumiza mama mkwe mgongo, bado yuko kwetu. Kila jioni namkanda, ananiombea dua kazi yangu ifanikiwe, nami naitikia amina. Sijamwambia mpaka leo.