Usiingie Mpaka Uitwe

Mkate wa mwisho wa kukaanga ulikuwa umeshaingia mdomoni mwa Callum Baird pale mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliposema, bila kupandisha sauti, "Huo ulikuwa wangu."

Jumamosi asubuhi sokoni Ōtara, jijini Auckland, hata pa kugeukia hakuna. Spika za wauza muziki zilikuwa zinagombana, magimbi yamemwagwa chini, harufu ya mafuta ya moto imetanda kote. Callum akageuka na shavu limetuna. Mwanamke alivaa koti la mvua la kijani juu ya sare ya madereva wa mabasi ya jiji, kipuli cha jiwe la kijani sikio moja tu, nywele kazibana juu kwa kalamu. Yeye Callum alikuwa na kaptura na mabuti ya mpira, katikati ya Julai. Watu wa kusini kabisa mwa nchi hawajawahi kukubali kwamba Auckland nako kuna baridi.

"Nimeng'ata upande mmoja tu," alisema. "Nirudishe?"

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hiyo 'nirudishe'. Unavyoiviringisha hiyo 'r', bila shaka wewe ni wa Southland."

"Na wewe je?"

"Mimi nina njaa."

Akachukua nusu iliyobaki, akaila palepale amesimama, siagi ikimtiririka kidoleni. Jina lake Mereana. Kufika alasiri Callum alikuwa ameshapanda basi lake kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia, akarudi nalo, na hakuwa na pa kwenda.

Callum hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa fundi wa majukwaa ya ujenzi, na kila jengo likipanda hadi paa yeye alishaanza kuulizia kazi mji mwingine. Begi lake hakuwahi kulifungua lote. Kwa Mereana, ajabu, alilifungua, akatundika mashati kabatini, mwaka ukazunguka. Kisha rafiki yake akampigia kutoka Perth, ng'ambo ya bahari: migodini wanatafuta mafundi, mkataba wa miezi sita. Akasaini siku ileile. Mereana alipoambiwa alisema, "Sawa," akaendelea kumenya viazi.

Hiyo "sawa" ilimnyima raha. Alitaka aambiwe baki, au nichukue, au hata aitwe mjinga. Akawa anazungukazunguka nyumbani, anafungua friji na kuifunga. Mwisho akapata wazo. Mereana kwao ni huko chini, jirani na Waitomo, kwenye mapango ya vimulimuli. Dunia nzima inapanda ndege kuja kuwaona, naye Callum, mwenye nchi, hajawahi. Angempeleka. Wangekaa gizani wawili, na huenda huko kitu kingesemwa.

Pango kubwa lilikuwa limejaa. Akapata namba ya jingine dogo, la ukoo, watu wachache kwa mtumbwi mmoja. Akapiga simu.

"Nataka nafasi mbili, Jumamosi ijayo."

"Majina," alisema mama mmoja upande wa pili, anatafuna kitu.

"Callum Baird. Na Mereana Ruhi."

Kutafuna kukakoma.

"Mereana wa Auckland? Wa mabasi?"

"Unamfahamu?"

"Nimemwosha matako huyo. Mimi Parehuia, mama yake mkubwa. Na wewe ni nani kwake?"

"Mimi... rafiki."

"Rafiki wa chai au rafiki wa kitanda?"

Callum alitazama dirishani kutafuta msaada. "Vyote viwili, mama."

"Haya. Unakula nguruwe?"

"Nakula. Lakini kuhusu vimulimuli..."

"Vimulimuli hawaendi popote, kijana. Ni funza tu wamejibandika darini. Tuongee habari zako. Mama yako yupo hai? Mnaoana lini?"

Alipokata simu alijiona amefanya la maana. Kumbe alikuwa ameshaitangaza posa bonde zima.

Mereana alimkuta mlangoni mwa yadi ya mabasi akimsubiri na maua. Simu yake ilikuwa inaita. Akaikata, ikaita tena.

"Umewaambia nini kwetu?"

"Nimekata tiketi, mpenzi. Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua. Binamu zangu wote wanauliza wavae nini. Mama Mkubwa amechagua nguruwe."

"Si vizuri?"

"Callum, kwetu mtu hapiti kama mtalii, akaangalia funza, akanunua fulana, akaondoka. Na mwanamke hamleti mwanaume nyumbani kumtembeza. Akimleta, amemleta."

"Kwa hiyo unanionea aibu."

"Sijasema hivyo."

"Mwaka mzima hujanitaja kwenu."

"Na wewe unaondoka wiki ijayo!" Sauti ilimtoka, madereva wawili wakageuka. Akaishusha. "Nikupeleke wakupende, maana watakupenda, watu wale wanapenda haraka. Halafu wewe huyo, Perth. Mimi nibaki kila msiba na kila harusi naulizwa yule wa 'r' yuko wapi. Halafu mimi mwenyewe... siku ya kufunua jiwe la kaburi la mama yangu sikwenda. Nilichukua zamu. Ukoo mzima umesimama pale, mtoto wake anaendesha basi. Naanzaje kuingia kwenye lile geti la kwetu?"

Callum hakujua hilo. Angemshika mkono, na pengine yote yangeishia hapo. Badala yake alisema, "Basi nitafuta tiketi," kwa kinyongo, na Mereana akayaacha maua mikononi mwake akaenda zake.

Siku zilizofuata alimpigia hadi akachoka kusikia simu ikiita bure. Mashati yalirudi begini. Alhamisi akampigia Mama Mkubwa.

"Nasikitika, mama. Nafuta zile nafasi. Tumegombana."

"Hapa hakuna kufuta. Shimo la kupikia limeshachimbwa."

"Lakini Mereana haji."

"Wewe huna miguu?"

"Ninayo."

"Basi njoo nayo. Sikiliza vizuri. Ukifika usiingie mpaka uitwe. Hata mvua ikunyeshee, hata umwone mtu unayemjua. Wageni hungoja getini. Wa nyumbani tu ndio hupitia jikoni, na wewe jikoni kwangu hujafika."

"Ataniita nani?"

"Kuita wageni ni kazi yangu, ila koo langu bovu wiki hii," alisema Mama Mkubwa, na kwa kweli halikuwa na kasoro yoyote. "Tutaona."

Jumamosi Callum alisimama getini, kweli mvua ikimnyeshea. Alivaa suruali nyeusi na shati jeupe lililonyooshwa. Mkononi ana ndoo ya chaza wa Bluff, huko kwao kusini, dada yake amewatuma kwa ndege, maana alikumbuka kwamba mikono mitupu haifai. Ng'ambo ya uwanja wa majani mabichi palikuwa na nyumba kubwa ya mikutano ya ukoo, baraza lake limechongwa, watu wamekaa kimya wamemwelekea. Hakuna aliyempungia. Miguu yake haikujua kusimama. Kila alichowahi kukimbia maishani kilianza hivihivi, mahali anapotakiwa angoje. Gari lake lilikuwa palepale nyuma, funguo mfukoni.

Ndipo sauti ikatoka barazani. Sauti ya mwanamke, ya juu, ndefu, inayopita juu ya mvua bila haraka. Lugha hakuielewa, sauti aliijua. Ndiyo ileile inayowaambia abiria wasogee nyuma. Mereana alikuwa amesimama mbele ya watu wake wote, nguo nyeusi, shada la majani mabichi kichwani, anamwita. Alipofika pa kuwaita marehemu, maana wito huo huwaita na wao, alitaja jina moja, Ngāpera, jina la mama yake, na hapo sauti ikakatika. Bibi mmoja barazani akaanza kulia kwa sauti. Wengine wakafuata. Mereana akavuta pumzi, akalitaja tena, safari hii likafika mwisho.

Callum akaanza kutembea. Alitembea polepole kuliko alivyowahi kutembea, na alikuwa analia bila kujua analilia nini.

Walipogusana pua na paji la uso, salamu ya huko, Mereana alinong'ona, "Umevaa suruali."

"Ulifika lini?"

"Jana, niliposikia unakuja peke yako. Nilipitia jikoni. Hakuna aliyeniuliza kitu, nilipewa kisu nimenye viazi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Asubuhi nimeosha jiwe la mama. Kisha Mama Mkubwa akaniambia, mgeni wako anakuja, mwite wewe au akae hukohuko na mvua yake."

Baada ya kula, Mama Mkubwa aliwaingiza pangoni mwenyewe, akiuvuta mtumbwi kwa kamba iliyofungwa ukutani. "Humu hakuna kuongea," alisema. "Hasa wewe." Taa ikazimwa. Juu yao giza likajaa vinukta vya kijani, vingi kupita kiasi, na maji chini yakavirudia. Callum akafungua mdomo. Kiganja cha Mereana kikauziba, kikakaa hapohapo, kinanuka vitunguu. Hakutaka kuwa mahali pengine popote, na hilo halikuwahi kumtokea.

Nje, mwanga uliwaumiza macho. Mama Mkubwa akaondoka mbele akijifanya ana haraka.

"Naondoka Alhamisi," alisema Callum. "Nimesaini."

"Najua."

"Ungeniambia nibaki?"

"Nisingekwambia. Ungebaki halafu ungekuwa unafungua friji na kuifunga."

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Basi niambie nirudi."

Mereana alilivua shada, akalitazama. "Ukirudi utafanyaje? Utapiga simu ukate tiketi?"

"Nitasimama getini. Nitangoja uniite, hata siku nzima."

"Hapana," alisema. Akamtengeneza kola ya shati iliyolowa. "Getini ni kwa wageni. Wewe ukirudi, pitia jikoni."