Sauti Iliyokwama kwenye Simu ya Barnabé

Julienne alirudi kutoka soko la samaki la Ggaba, hapo Kampala, na beseni la mukene kichwani. Mukene ni dagaa wa ziwani, na nguo za anayewauza hunuka hata zikifuliwa. Hakujali. Alitua beseni mlangoni, akachungulia ndani.

Mumewe, Barnabé, alikuwa ameketi karibu na cherehani, shati la mteja likiwa mapajani. Macho yake hayakuona tena. Presha ya macho iliyafunga kidogo kidogo, mpaka ikawa giza tupu. Lakini vidole vyake vilikuwa bado vinaona. Alishona vifungo kwa kupapasa, na hakuna hata kimoja kilichokaa upande.

"Umerudi, Julienne?"

"Nimerudi, Papa Blaise."

Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama walivyozoea kwao Bukavu, Kongo. Zamani naye Barnabé alimwita Mama Blaise. Siku hizi alimwita Julienne tu. Tangu Blaise alipoondoka, jina hilo halikutoka tena kinywani mwa baba yake.

Blaise aliondoka kwa hasira. Macho ya baba yalipoanza kufifia, kijana alimnyang'anya mkasi mbele ya wateja. "Papa, huoni tena! Utaharibu kitambaa cha watu!" Barnabé akasimama, akanyoosha kidole mlangoni. "Toka kwangu." Wateja wakasikia. Majirani wakasikia. Blaise akaenda Gulu, mbali kaskazini, na simu yake ikanyamaza. Noeli ikapita, Pasaka ikapita.

Siku hizo ngumu, kitu kimoja kilimsaidia Barnabé. Binti mmoja wa chama cha wasioona alikuja akaiwekea simu yake msomaji. Ukigusa kioo, sauti ya mwanamke inakusomea kwa Kiswahili. Ukitaka kuandika, unasema, na simu inaandika. Barnabé aliipenda sauti hiyo. Ilimsomea oda za wateja, na salamu za kwaya.

"Mke mwenzangu ameamkaje leo?" Julienne alikuwa akimtania.

"Ameamka salama. Yeye hanuki mukene."

Lakini Jumatatu hiyo Barnabé hakuwa na utani. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Njoo," alisema. "Simu imeharibika."

Akagusa kioo. Sauti ikatoka, lakini haikuwa ile. Ilikuwa ya Kizungu. Iliyavunjavunja maneno ya Kiswahili kama mtu anayetafuna karanga na mawe. Hakuna lililosikika vizuri, ila mwanzoni neno "Papa", na mwishoni jina moja. Blaise.

Julienne akasogea. Alichukua simu, akatazama. Yeye hakujua kusoma, namba tu. Lakini picha ndogo iliyokuwa juu ya ujumbe aliijua. Ni yeye aliyeizaa sura ile.

"Ni mtoto, Papa Blaise! Ameandika! Na ni maneno mengi."

"Najua. Nimeyafungua mara nyingi. Mzungu huyu ananipigia kelele tu."

"Nimpelekee jirani atusomee."

"Hapana."

"Basi nimpigie Blaise mwenyewe."

"Nimesema hapana, Julienne." Sauti yake ilishuka. "Alinivua nguo mbele ya watu. Sitaki anitukane tena kwa mdomo wa jirani. Na kama anaomba radhi, hilo nalo si la jirani. Nitalisikia mwenyewe kwanza. Mtu hajibu neno ambalo hajalisikia."

Julienne hakubishana. Alimjua mumewe. Ukimsukuma, anakuwa ukuta.

Walijaribu wenyewe. Walizima simu, wakaiwasha. Wakaipiga makofi mgongoni kama redio ya zamani. Juu ya kioo palikuwa na tangazo dogo lenye mshale unaoelekea chini. Julienne alilifuta kwa kidole. Likarudi. Akalifuta tena. Likarudi.

Kesho yake Julienne aliificha simu kwenye gomesi, gauni lake la mshipi, akashuka mpaka kwa Ramathan, fundi wa simu pale mtaani Kansanga, bila kumwambia mumewe. Ramathan aliigeuza mara mbili, akatikisa kichwa.

"Nnyabo, hii dawa yake ni moja. Tunafuta kila kitu. Inaanza upya kama mtoto mchanga."

"Inapona leo?"

"Sasa hivi. Keti hapo."

Julienne akaketi. Ramathan akabonyeza hapa na pale. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha mwisho Julienne alipouliza, "Na meseji zake?"

"Zinaenda zote. Atatumiwa zingine."

Julienne aliruka kama aliyemwagiwa mafuta ya moto, akaivuta simu. "Lete! Mwenye meseji hii hatatuma nyingine!"

"Banange! Mama, utanivunja mkono!"

Alirudi nyumbani mbio. Uani alimkuta Loice anaanua nguo. Loice ni Mkenya, jirani wa chumba cha pili. Anafanya kazi kwenye duka la jumla huko Kikuubo mjini, na oda za duka zima hupita kwenye simu yake. Hana maneno ya asali, lakini ana moyo.

"Mama Blaise, mbona unakimbia kama umeiba kuku?"

Julienne alimweleza yote, moja kwa moja, huku machozi yakimtoka. Loice alitupa nguo begani.

"Ujumbe huo mliufungua?"

"Aliufungua mara nyingi, akitaka kuusikia."

"Basi kwa Blaise zimeshatokea alama za buluu. Anajua umefunguliwa. Anadhani baba yake amesikia, akanyamaza."

Julienne hakuwa amelifikiria hilo. Kijana yuko Gulu, anatazama simu, anahesabu kimya cha baba yake kuwa ni jibu.

"Twende," alisema Loice. "Lakini sitasoma kitu chenu. Natengeneza sauti tu."

Barnabé alipomsikia Loice akiingia, aligeuza uso. "Julienne, nilikwambia nini?"

"Baba Blaise, mimi sikuja kusoma," Loice alimjibu. "Nimekuja kumrudisha mke wako mdogo. Au nimwache?"

Barnabé alijikaza, lakini mdomo ulimcheza. "Mrudishe. Huyu mwingine anapiga kelele."

Loice akamwambia azime msomaji kwanza, ili kioo kiguswe kwa kawaida. Kisha akampa Julienne simu.

"Shika wewe. Nikishika mimi, utaniita tena wiki ijayo."

"Mimi sijui kusoma, Loice."

"Una macho. Vuta kutoka juu. Unaona lile tangazo lenye mshale?"

"Hilo nimelifuta mpaka nimechoka."

"Kulifuta si kulitibu. Linasema hivi: sauti inasasishwa, inasubiri Wi-Fi. Maana yake, sauti ya zamani imetolewa na mpya haijafika. Ni kama mpangaji aliyehama kabla mwenzake hajaleta godoro. Ndiyo maana simu imekopa sauti ya Kizungu. Haijaharibika. Imekwama tu. Sasa niambie, mnaweka bando gani?"

"La WhatsApp. Kila siku."

"Nilijua! Nusu ya Kansanga ina ugonjwa huo. Bando la WhatsApp linaleta meseji peke yake. Halileti sauti, halileti lugha. Ufunguo wa choo ni ufunguo kweli, Mama Blaise, lakini unafungua chumba chako?"

"Haufungui."

"Basi. Mnaona meseji zinaingia, mnadhani mtandao upo wote. Kumbe upo mlango mmoja tu."

Loice alichukua simu yake mwenyewe, yenye bando kamili, akawarushia mtandao. Kwenye simu ya Barnabé kikatokea kialama cha Wi-Fi, kama upepeo uliokunjuliwa. "Simu yenu sasa inaona Wi-Fi. Iwekeni kwenye chaji. Sasa nafasi. Bonyeza gurudumu lenye meno. Hiyo ni mipangilio. Shuka mpaka hifadhi, hapa ninapokuonyesha."

Mstari mmoja mwekundu ulikuwa umejaa mpaka ukingoni.

"Yesu! Mmeweka nini humu?"

"Video za kwaya," alisema Barnabé kwa aibu.

"Wewe huoni, na una video zote hizi?"

"Zinajiweka zenyewe. Mimi nasikiliza tu."

"Chagua unazozipenda. Nyingine tunafuta. Simu iliyojaa haipokei mgeni. Na hapa kwenye WhatsApp tunazuia video zisijishushe zenyewe."

Julienne alifuta kwa mkono wake, akimsikilizisha mumewe kila moja. Barnabé alitetea tatu kama watoto. Zilizobaki zikaenda.

"Sasa rudi kwenye mipangilio. Tafuta programu. Humo iko ya sauti, hii yenye mistari midogo. Isimamishe kwanza. Halafu hifadhi yake, na pale paandikwapo futa akiba. Subiri! Si futa data. Akiba ni makombo ya kazi iliyokwama. Data ni vitu vyenyewe. Futa makombo, acha chakula. Na ukumbuke, hapa tuko ndani ya programu moja tu. Kufuta simu nzima, kama alivyotaka Ramathan, ni kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama."

Wakazima simu, wakaiwasha. Loice akafungua duka la programu, wakasasisha ile programu ya sauti. Kisha wakarudi kwenye gurudumu lenye meno, wakaingia kwenye lugha, na kwenye mahali pa kusoma maandishi kwa sauti. Orodha ndefu ya lugha ikatokea.

"Tafuta Kiswahili."

"Loice!"

"Tafuta K. Ile iliyo kwenye kibao cha Kansanga, unayoipita kila siku na beseni lako."

Julienne alikaza macho. Mstari mmoja umesimama, miwili imetanuka kama mtu anayepiga teke. Akashuka taratibu. Akasimama. "Hii?"

"Hiyo hapana, hicho ni Kikorea. Shuka."

"Hii!"

"Hiyo hapo. Bonyeza mshale wake."

Mstari mwembamba ulianza kutambaa. Ukafika katikati, ukatulia. Julienne akanyoosha kidole aubonyeze tena. Loice akampiga mkono.

"Acha! Ukifunua sufuria kila mara, wali unaiva? Ukibonyeza bonyeza, unaanza mwanzo. Nenda kaoshe mukene wako."

Julienne hakwenda kuosha mukene. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya mumewe. Barnabé aliweka mkono kichwani pake. Mkono ulikuwa baridi, kama wa mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.

"Na kama ni matusi?" aliuliza polepole.

"Mtu haandiki matusi marefu hivyo, Papa Blaise. Matusi ni mafupi."

Mstari ukasogea. Ukafika mwisho. Loice akamwonyesha Julienne mahali pa kuchagua sauti ya Kiswahili, kisha wakarudia hivyo hivyo kwa ile ya kuandika kwa kusema. Barnabé akawasha msomaji, akagusa kioo.

"Jumanne," ilisema sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili safi. "Saa kumi na moja na dakika tano."

Barnabé akafunika uso kwa shati la mteja.

"Mimi natoka," alisema Loice. "Ujumbe una mwenyewe."

Julienne naye alitoka. Akavuta pazia, akainama juu ya beseni lake. Alisikia sauti ikisema ndani, chini chini, wala hakutega sikio. Ikanyamaza. Kisha ikaanza tena tangu mwanzo. Ikanyamaza. Julienne alikuwa amemvunja dagaa mmoja vipande bila kujua.

"Mama Blaise!"

Aliinua kichwa. Hakuwa na hakika kama amesikia.

"Mama Blaise, uko wapi? Njoo umsikie mtoto wako. Hajui kukata kola!"

Aliingia mbio. Barnabé aligusa kioo, na ile sauti ikasoma:

"Papa, shikamoo. Mimi ni Blaise. Hapa Gulu nimepata kazi ya kushona. Nimepewa koti la bwana harusi, na kola inakataa kulala. Nimefumua mara nne. Wewe ulikuwa unaikata hata bila kutazama, nami nilikuambia huoni. Nilikosa. Kama hutaki kunijibu, nitaelewa. Blaise."

Julienne alilia. Barnabé hakulia. Alikuwa tayari ameshika simu karibu na mdomo, na mkono wake wa pili ulikata hewa kama mkasi.

"Blaise. Simu ilikwama, si moyo. Kola ya chini uikate mshazari, na iwe ndogo kidogo kuliko ya juu. Usiivute unaposhona. Piga pasi ukiwa umeikunja juu ya taulo lililoviringishwa. Mama yako anakusalimu."

Simu ikaandika. Ikamsomea alichosema. Akaituma.

Tangu siku hiyo, Jumamosi Julienne hupeleka simu kwa Loice ikiwa na chaji, na sauti na lugha husasishwa hapo. Wakinunua bando, anauliza kwanza, "Hili linafungua milango yote?" Simu ikijaa, hufuta. Tangazo la mshale likitokea, halifuti. Halafu huenda kusimama mbele ya kibao cha Kansanga kidogo, amtazame rafiki yake K, na siku hizi ameanza kuzoeana na A.

Jibu la Blaise lilikuja Jumapili ya wiki ile ile, walipotoka kanisani. Lilikuwa fupi. Barnabé alisimama katikati ya njia, watu wakimpita, akaiweka simu sikioni.

"Imelala, Papa," ilisema sauti.

"Umesikia, Mama Blaise?"

Julienne alikuwa amesikia. Akasema hakusikia vizuri, ili asomewe tena.