Maji Matamu Katika Tangi la Pweza

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi, Daktari Wassila alifungua ukumbi ambamo wageni huonyeshwa viumbe wa baharini, ndani ya ngome ya kisiwa, akakuta kaa na majongoo ya bahari wote wamekufa tangini. Pweza jike aliyekuwa akilinda mayai ndani ya chungu hakuwepo, wala chungu chake. Matangi madogo ya ofisini yalikuwa salama. Keshokutwa yake kamati ya ngome ingeamua kama ukumbi ule, kazi yake ya miaka kumi na mmoja, ubaki au ufungwe.

Inspekta Najet alifika saa tatu kwa boti kutoka Sfax. Alichovya kidole tangini, akaonja. Maji hayakuwa na chumvi hata chembe.

"Ni Lotfi, yule mvuvi," alisema Wassila. "Tulimkataza kuvua hapa. Alfajiri nimemwona akizunguka na mtumbwi wake."

Lotfi alipoletwa alikuja juu. "Afande, mimi nimwage maji ya kunywa? Kisiwa kizima kina birika moja tu, kisima cha kukingia maji ya mvua! Na funguo zake anazo nani? Daktari na Mzee Mabrouk. Halafu huyo pweza ningemla, tena na kuskusi!"

Kisiwa chenye watu wa kuhesabika, na kila mmoja ana wa kumshuku. Najet akaenda birikani na Mabrouk, mlinzi wa ngome. Kufuli lilikuwa zima, lakini kamba ya ndoo ilikuwa imekatwa.

"Panya hao," alisema mzee.

"Panya wenye kisu?"

Nje, chini ya ukuta wa magharibi, kipande kilichobaki cha kamba kilining'inia hadi baharini. Najet alikivuta taratibu. Kikaja chungu, na pweza hai juu ya mayai yake.

Saa tano aliwakusanya ukumbini. "Lotfi angemla. Daktari angemhamishia tangi la ofisini. Aliyemshusha huyu ana ufunguo wa birika, na hana pengine pa kumweka. Mzee Mabrouk, kwa nini?"

"Mama aliye juu ya mayai siwezi kumuua," alisema mzee. "Lakini tangi hili linavuja! Chumvi inaula ukuta wa miaka mia nne, nanyi mnafundisha wageni tu!" Alikwaruza nyuma ya tangi, jiwe likamwagika kama unga. "Nimeiandikia kamati barua tatu kwamba ukumbi ufungwe. Kimya."

Najet alitoa pingu. Wassila akamshika mkono.

"Subiri. Barua zilinifika mimi. Nilizificha, niliiogopa kamati."

Mabrouk alimgeukia, macho yamejaa machozi.

"Ungenijibu hata moja tu, binti yangu."