Jiwe la Stoo ya Enid

Siagi iliyeyuka katikati ya Januari. Nje, mifereji ya mji wa Aldersyke ilikuwa imeganda. Enid Oldroyd, shangazi wa baba yangu, aliingia stoo ya chakula akaikuta siagi imelegea juu ya bamba jipya la jiwe. Kila nyumba mtaani ilikuwa na bamba kama hilo la kupozea maziwa. Aliligusa. Lilikuwa na joto la godoro alilotoka mtu sasa hivi.

"Cliff, jiwe hili ulilitoa wapi?"

"Makaburini," mumewe alijibu. "Kampuni iliyoyafungua enzi za Malkia Victoria ilifilisika zamani, miti imeyameza. Manispaa inang'oa mawe, kila mtu kachukua lake."

"Na maandishi?"

"Nimeyalaza chini. Au ulitaka usome jina la marehemu ukikata jibini?"

Enid hakucheka. Jioni hiyo stoo ilinuka udongo mbichi na maua yaliyooza, na Beryl, binti yao wa pekee, akaanza kulalamikia baridi. Walimfunika mablanketi, wakamwekea chupa ya maji ya moto miguuni, lakini kadiri mtoto alivyopoa ndivyo jiwe lilivyopata joto, mpaka maziwa yakachacha, mpaka Enid akasikia, kutoka chini ya bamba, pumzi nyororo za mtoto aliyelala vizuri.

Daktari hakuona ugonjwa. Kasisi Threlfall alisali, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiondoa upesi.

"Lirudisheni kwa mwenyewe," alinong'ona. "Leo hii."

Waliligeuza. *Hester. Miaka sita. Amelala.* Beryl naye alikuwa na miaka sita.

Walilisukuma kwa toroli hadi makaburini. Hapakuwa na kaburi hata moja lililoonekana, matope matupu.

"Tumeshasawazisha, mama," mlinzi alisema. "Nani yuko wapi, hata mimi sijui. Liacheni popote."

"Popote siyo kwake!"

"Enid, twende," Cliff alimsihi. "Mtoto yuko peke yake."

Waliliegemeza kwenye ukuta wa makaburi, wakaliacha. Nyumbani jiko lilikuwa likiwaka, na Beryl hakuwa akipumua tena.

Alizikwa katika makaburi mapya, lakini Enid hakwenda huko hata mara moja. Theluji ilipoanguka, ilifunika kila kitu isipokuwa jiwe moja ukutani, lililofuka mvuke. Enid alilifunika kwa blanketi la bintiye, akapiga magoti, akalaza shavu juu yake. Ndani walipumua wawili.

"Sogea kidogo, Hester," sauti ya Beryl ilisema. "Mama naye anasikia baridi."